Hema na Kitambaa Chake

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Walitaka kutufundisha ya kuwa mtu mwenye nia ya kazi hashindwi kwa ubaya wa chombo chake. Methali hiyo ni ya kweli shambani. Walakini, msomaji, kuna chombo kimoja ambacho methali hiyo haikitoshi, nacho ni hema. Jembe baya humchosha mkulima mchana, na jioni huliegemeza ukutani akaenda kulala. Hema baya humngoja jioni hiyo hiyo. Likivuja, hakuna bidii wala ushujaa utakaolizuia kuvuja, na aliyemo ndani, awe mtoto mchanga au mkongwe, atalowa.

Katika insha hii nataka tutazame historia ya kitambaa cha hema katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Huenda ukacheka na kusema kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba, na kwamba kitambaa ni kazi ya mafundi wa cherehani. Ngoja kidogo. Kila palipokuwa na safari ndefu, au reli mpya, au vita, au watu waliofukuzwa makwao, palikuwa na hema. Na kila palipokuwa na hema, alikuwapo mtu aliyekichagua kitambaa chake. Swali nitakalokuuliza tangu mwanzo hata mwisho ni moja tu: je, aliyechagua kitambaa ndiye aliyelala chini yake?

Wazee wetu wa Gusii hawakuwa na mahema. Vijana waliolinda ng'ombe katika maboma ya malishoni, yaliyoitwa ebisarate, walijenga vibanda vya miti na nyasi. Hawakuwa na haja ya kubeba nyumba mgongoni, maana popote walipokwenda miti na nyasi viliwangoja. Hema ni nyumba ya mtu asiyejua atakuta nini aendako, au ajuaye kwamba hatakuta kitu. Ndiyo sababu hema lilisitawi jangwani. Hata neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Mabedui hufuma mahema yao kwa manyoya ya mbuzi, na katika kufuma huko mna hekima kubwa. Kitambaa kikiwa kikavu huwa na matundu madogo madogo, na upepo hupita. Mvua ikinyesha, manyoya hufura na matundu huzibika. Ishike habari hiyo moyoni, kwa kuwa kitambaa cha pamba nacho hufanya vivyo hivyo, na bila kuijua huwezi kufahamu kwa nini turubai la pamba lilitawala mahema kwa muda mrefu.

Turubai ninalolisema hapa ni kitambaa kizito kilichofumwa kwa nyuzi nene zilizosongwa pamoja kwa nguvu. Zamani Wazungu walilifuma kwa nyuzi za mmea wa bangi na za kitani, wakalifanyia matanga ya merikebu. Hata jina lake katika lugha zao latokana na jina la mmea huo wa bangi. Baadaye pamba ikashika nafasi hiyo, kwa kuwa ilipatikana kwa wingi na viwanda vya mashine viliweza kuifuma kwa bei nafuu. Hivyo kitambaa kilichokuwa kikisukuma merikebu baharini kikapanda nchi kavu na kuwa paa la msafiri.

Huku kwetu pamba ya viwandani iliingia kwa mlango wa Unguja. Katika mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Baada ya hapo merikebu kutoka bandari ya Salem zilileta shehena za kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, nazo zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Watu wa pwani wakakiita kitambaa hicho kwa jina la nchi kilikotoka, wakasema marekani. Kilivaliwa, kilishonwa, na tena kilikuwa fedha. Msafara haukupita katika nchi ya mtemi bila kutoa hongo, na aghalabu hongo ilipimwa kwa mikono ya marekani. Kisha mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka huko Marekani, vikadumu hata mwaka 1865. Pamba ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua soko. Angalia jinsi dunia ilivyofungamana: mizinga ililia upande wa pili wa bahari, na mpagazi wa Bagamoyo akabadilishiwa nguo.

Sasa tuutazame msafara wenyewe ukiondoka Bagamoyo kwenda bara. Hakukuwa na gari wala barabara, na mbung'o aliua wanyama wa kubeba mizigo. Kila kitu kilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kiasi cha kilo 30. Miongoni mwa mizigo hiyo lilikuwamo hema la mkubwa wa msafara, pamoja na nguzo zake na kamba zake. Jioni lilisimamishwa kwanza, na kitanda na meza vikaingizwa. Wapagazi nao wakaenda kukata matawi na nyasi, wakajenga vibanda vya usiku mmoja, au wakajifunika kwa kipande cha marekani.

Pamba hunywa maji. Kilo 100 za pamba kavu hushika kiasi cha kilo nane za unyevu wa hewa tu, kabla hata tone la mvua halijaanguka. Mvua ikinyesha usiku kucha, hema hunywa maji mengi kupita hayo. Asubuhi msafara hauwezi kungoja jua. Hema hukunjwa likiwa bado limelowa. Mpagazi aliyelibeba jana likiwa kavu, leo anabeba hema na mvua ndani yake. Aliyelichagua turubai hilo alilichagua dukani, kwa kuligusa kwa vidole na kuusifu unene wake. Hakulichagua kwa bega. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa swali letu ni hili: katika misafara ya karne ya 19, aliyechagua kitambaa alilala chini yake, lakini aliyekibeba alilala nje.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwa la Viktoria, na mwisho wa mwaka 1901 njia ilifika Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Kambi yao ilikuwa mji wa turubai uliohamahama kila reli ilipoendelea mbele. Bila shaka umesikia habari za simba wawili wa Tsavo, ambao katika mwaka 1898 waliwanyakua wafanyakazi usiku kutoka katika mahema yao. Turubai huzuia umande, jua na macho ya watu, halizuii simba. Mwaka 1899 reli ilifika mahali penye maji baridi ambapo Wamasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao. Hapo yakapigwa mahema na maghala ya muda, ili watu wapumzike kabla ya kupanda milima. Mahali hapo ndipo palipokuja kuwa Nairobi. Mji mkuu wa nchi yetu, pamoja na majumba yake marefu, ulianza kama kambi ya muda. Liweke neno hili, muda, karibu na lile la kwanza, maana tutalihitaji tena.

Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, mapigano yalifika hata Kisii yenyewe mwezi wa Septemba mwaka huo, Wajerumani walipovuka mpaka kutoka kusini. Lakini taabu kubwa zaidi iliwapata wale waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Jeshi hilo la wapagazi limeacha jina lake katika mitaa ya Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya watu hao hawakurudi makwao, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na maradhi, chakula kibaya, uchovu na baridi. Walibeba risasi, unga na mahema ya maofisa katika mvua za nchi ambayo leo ni Tanzania. Ukitaka kujua thamani ya kitambaa kikavu juu ya kichwa cha mtu mgonjwa, waulize wao, kama wangeweza kujibu.

Mpaka wakati huo mchaguzi wa hema hakuwa na mengi ya kuchagua. Angeweza kuchagua turubai zito au jepesi, lakini yote yalikuwa pamba au kitani. Mabadiliko yalitoka katika maabara. Mwaka 1941, katika vita vya pili vya dunia, wataalamu wawili wa Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, walifaulu kutengeneza uzi mpya kwa njia ya kemia. Walikuwa wakifanya kazi katika kampuni ya kupiga chapa vitambaa ya Lancashire. Uzi huo haukutoka shambani wala mgongoni mwa kondoo. Malighafi zake leo hutokana na mafuta ya petroli. Sisi twauita polista. Kwa tabia ni kinyume cha pamba karibu katika kila jambo. Pamba hushika unyevu, polista haishiki hata nusu kilo katika kila kilo 100. Pamba huliwa na kuvu, polista hailiwi. Pamba ikikutana na moto huungua na kuwa jivu, polista huyeyuka kwa joto la kiasi cha nyuzi 250 na kudondoka kama nta.

Je, si ingetosha basi kutengeneza mahema kwa polista peke yake? Wengine walifanya hivyo, na wenye kupanda milima huyapenda mahema hayo kwa wepesi wake. Lakini kitambaa kisichopitisha maji kabisa hakipitishi pumzi pia. Watu watano wakilala ndani ya hema la namna hiyo, pumzi yao hupanda, hukutana na kitambaa cha baridi, hugeuka maji, na alfajiri huwadondokea usoni kana kwamba mvua inanyesha ndani ya nyumba. Mchana wa jua kali hema hilo huwa kama chungu kilichofunikwa. Kwa sababu hiyo mafundi walizichanganya nyuzi za aina mbili, wakapata kitambaa cha pamba na polista, ambacho wauzaji hukiita polikotoni. Sehemu ya pamba hufura kwa mvua na kuyaziba matundu, kama manyoya ya mbuzi ya Mabedui. Sehemu ya polista hukipa nguvu, hukipunguzia uzito na haiozi. Hata hivyo usidanganyike: ile pamba iliyomo bado ni pamba, na bila kutiwa dawa ya kuzuia maji na kuvu huweza kuota madoa.

Msomaji, sasa turudi nyumbani Nyansiongo. Mashamba haya unayoyaona leo yamejaa majani chai na ng'ombe wa maziwa yalikuwa katika eneo la walowezi wa Kizungu wakati wa ukoloni. Kenya ilipokaribia Uhuru, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963, serikali ilinunua ardhi ya walowezi na kuigawa kwa wananchi kwa njia ya mikopo, na Nyansiongo ikawa mojawapo ya skimu za makazi. Wazazi na babu zetu waliohamia walianza kwa vibanda, wakajenga nyumba za udongo, na baadaye za mabati na matofali. Upande wa pili wa mpaka, Sotik, jirani zetu Wakipsigis nao walifanya vivyo hivyo. Kwa miaka mingi tumeuziana maziwa, mahindi na mifugo katika masoko ya mpakani kama Chebilat.

Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo yalipotangazwa, ghasia zilitokea sehemu nyingi za nchi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Katika mpaka wa Borabu na Sotik nyumba zilichomwa, na wa kulaumiwa na wa kulia walikuwako pande zote mbili. Watu walilala katika shule, makanisa na vituo vya polisi. Kisha mahema yakaja.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa sekondari kama wewe. Shangazi yangu, ambaye shamba lake lilikuwa karibu na mpaka, alipewa hema pamoja na watoto wake wanne. Lilikuwa la pamba tupu, zito, la rangi ya maziwa yaliyoganda, na sote tulilistaajabia. Nililala humo usiku mmoja wa mwezi wa Machi. Mvua ilipoanza, kitambaa kilisikika kikikazika kama ngozi ya ngoma, na hakikuvuja. Nikasema moyoni kwamba hema hili ni nyumba kweli. Usiku wa manane mtoto mdogo alijigeuza, mkono wake ukaugusa ukuta wa hema, na hapo alipogusa maji yakaanza kupenya, tone baada ya tone, hata asubuhi. Ndiyo desturi ya pamba iliyolowa: maji yameshikwa ndani ya nyuzi, na ukiyagusa kwa upande wa ndani huyapa njia ya kuingia. Shangazi alilijua jambo hilo tayari. Alikuwa amewapanga watoto katikati, yeye mwenyewe akalala pembeni, ubavu wake ukiwa umeuelekea ukuta.

Mwezi wa Mei mwaka huo huo serikali ilianza mpango wa kuwarudisha watu makwao. Shangazi alirudi shambani, na hema alikwenda nalo, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa majivu. Siku ya kuondoka, mvua za masika zilikuwa hazijakoma. Hema lilikunjwa asubuhi likiwa limelowa, likapakiwa katika lori chini ya magunia, likawekwa katika ghala la jirani majuma matatu, hali yeye akiwa kwa ndugu akingoja usalama. Lilipofunguliwa, lilikuwa na madoa meusi kila palipokuwa na mkunjo, na harufu yake ilikuwa kama ya uyoga. Shangazi alilishika kwa vidole viwili, likapasuka bila kelele, kama karatasi iliyolowa. Jirani yake alikuwa na hema la mchanganyiko wa pamba na polista, nalo lilikunjwa siku ile ile, likapanda lori lile lile. Lilinuka, lilikuwa na madoa, lakini liliposimamishwa lilisimama.

Nilitazamia shangazi amlaani aliyenunua hema lile. Yeye aliniambia hivi: "Mwanangu, aliyelinunua hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba huku kwetu, mwezi wa tano, hakuna jua la kulikausha." Akakata vipande vilivyobaki vizima, akavishona pamoja na karatasi ya plastiki, wakalala chini yake mpaka mabati yalipopatikana.

Maneno yake yamekuwa somo langu la historia kuliko vitabu vingi. Hema lile halikuwa duni. Kama lingesimamishwa mahali pamoja, pakavu, penye mtu wa kulitunza, lingeweza kudumu miaka mingi kupita lile la jirani. Si mbali sana na kwetu, huko Maasai Mara, kuna kambi za watalii zenye mahema ya turubai zito yaliyosimama juu ya sakafu za mbao, mengine yakiwa na paa la pili juu yake. Wako wafanyakazi wa kuyapiga brashi, kuyakausha na kuyatia viraka. Huko turubai liko nyumbani kwake. Kosa halikuwa katika kitambaa; kosa lilikuwa katika kukitenga kitambaa na maisha ya yule atakayekitumia.

Wenye kazi ya kuwasaidia wakimbizi wamejifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Leo hema la jamaa linalotumiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi, pamoja na mashirika ya Msalaba Mwekundu, limetengenezwa kwa kitambaa cha mchanganyiko wa pamba na polista. Lina sehemu ya kuishi ya mita 16 za mraba, na kumbi mbili mbele na nyuma, jumla mita 23 za mraba. Kipimo hicho hakikuja kwa bahati. Walikadiria watu watano, na kila mtu mita tatu na nusu za mraba, ambazo ndizo haki yake ya chini kabisa. Kitambaa chake hutiwa dawa ya kuzuia kuvu, maji na moto. Muda wake wa chini umewekwa kuwa mwaka mmoja.

Mwaka mmoja! Hapa, msomaji, ndipo lile neno muda linaporudi. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita. Zilipangwa kwa watu 90,000 na kwa kitambo kidogo. Watoto waliozaliwa humo wamekwisha kuwa wazazi humo. Hata hapa Kenya, baadhi ya waliofukuzwa mwaka 2008 walikaa katika mahema miaka kadhaa, hata kitambaa kikawa matambara. Historia yatuonyesha kwamba anayelitoa hema huhesabu miezi, na anayelipokea huhesabu miaka. Hakuna kitambaa kiwezacho kulitatua jambo hilo. Hema zuri kupita yote haliwi nyumba, wala si haki kulifanya kuwa kisingizio cha kuchelewesha nyumba.

Basi ikiwa siku moja kazi ya kuchagua itakuangukia, usianze kwa kuuliza kitambaa gani ni bora. Jiulize mambo matatu. Kwanza, nani atakayelibeba? Likiwa litabebwa na watu kwa miguu, au na mama mmoja kutoka barabarani hadi shambani, uzito ni jambo kubwa, na mchanganyiko utakuwa mwepesi zaidi kuliko turubai lenye nguvu sawa nalo. Pili, nani atakayelikausha? Pamba tupu yataka jua, nafasi ya kuitandaza na mtu mwenye wakati. Mahali penye mvua nyingi kama kwetu, kwa jamaa isiyo na ghala, mchanganyiko husamehe makosa ambayo pamba haisamehe. Tatu, watu watalala humo siku ngapi, na watapika wapi? Likiwa litasimama mahali pamoja kwa muda mrefu, nchi ni kavu, na mtunzaji yupo, turubai la pamba bado ni mfalme: hupumua vizuri, hutulia katika upepo, na cheche ikiruka hutoboa tundu dogo. Wala usisahau kwamba pamba isiyotiwa dawa huwaka, na polista huyeyuka ikaunguza ngozi. Kwa hiyo jiko la makaa lisiingizwe katika hema la aina yoyote, kwa ajili ya moto na zaidi kwa ajili ya hewa yenye sumu.

Hema liwe la aina gani, liloweshe maji mara moja kabla ya safari na uliache likauke, nyuzi zipate kufura na kuziba matundu ya sindano. Usiliguse kwa ndani mvua inaponyesha. Na ikikulazimu kulikunja likiwa limelowa, lifungue siku hiyo hiyo ufikapo, hata kama ni kulitandika juu ya miguu ya meza.

Kwa jamaa ya Nyansiongo, basi, ningechagua mchanganyiko wa pamba na polista. Nimeufikia uamuzi huo kwa kuikumbuka mvua ya Mei, lori lile na ghala lile, maana hayo ndiyo maisha ambayo hema la kwetu litakutana nayo. Kwingineko huenda ningechagua turubai bila kusita. Lakini uamuzi huu si jambo kubwa kuliko njia ya kuufikia. Tulipotazama nyuma, tulimwona mkubwa wa msafara akichagua kitambaa ambacho hakukibeba. Tukawaona wapagazi wa vita wakibeba kitambaa ambacho hawakukilalia. Tukamwona mnunuzi mwenye huruma akichagua kitambaa cha mvua asiyoijua. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwendea mlalaji akamwuliza.

Kesho wewe huenda ukawa karani wa ghala, ofisa wa kaunti, mwalimu wa skauti, au mzazi tu anayewanunulia watoto wake hema. Utaletewa vipande viwili vya kitambaa mezani na utaambiwa uchague. Kabla hujavigusa, mtafute mtu kama shangazi yangu, umwulize mvua hunyesha lini kwao na jua hutoka saa ngapi. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na hema ni hivyo hivyo.